Kuhamisha Nywele: Upara, Dawa Zake na Upasuaji

Upandikizaji wa nywele ni upasuaji mdogo unaohamisha nywele pamoja na mizizi yake kutoka sehemu moja ya kichwa hadi nyingine ya mtu yuleyule. Mara nyingi nywele hutolewa kisogoni na juu ya masikio, zikapelekwa mbele au utosini palipobaki wazi. Hakuna unywele mpya unaoundwa. Idadi ya nywele baada ya upasuaji haizidi ile ya kabla. Kinachobadilika ni mpangilio wake. Matangazo mengi hulipita jambo hili haraka, ilhali ndilo linaloamua nani anafaa kupasuliwa, lini na kwa njia gani, na kwa nini dawa huendelea kuhitajika hata kwa mtu aliyekwisha kupandikizwa.

Kila unywele huota kutoka kwenye kifuko kilichozama ndani ya ngozi. Sehemu inayoonekana nje haina uhai. Uhai uko chini, kwenye kitako cha kifuko, ambako seli hugawanyika na kuusukuma unywele juu kwa kadiri ya sentimita 1 kwa mwezi. Kifuko hufanya kazi kwa zamu: hukuza unywele kwa miaka 2 hadi 6, hupumzika kwa miezi ipatayo 3, kisha huuachia ule wa zamani na kuanza mwingine. Kichwa cha mtu mzima kina vifuko karibu 100,000, na kwa kuwa havipumziki vyote kwa pamoja, kupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku ni kawaida. Nywele zilizonasa kwenye chanuo si dalili ya ugonjwa. Tatizo huanza pale zinazodondoka zinapozidi zinazoota, au kifuko kinapoendelea kuotesha lakini kila zamu kikatoa unywele mwembamba na mfupi kuliko uliotangulia.

Hali hiyo ya pili ndiyo upara wa kurithi, unaowapata wanaume wengi kuliko aina nyingine yoyote. Mwilini, homoni ya testosteroni hugeuzwa na kimeng'enya kuwa homoni nyingine yenye nguvu zaidi, dihidrotestosteroni. Kwa watu waliorithi udhaifu wa vifuko mbele ya homoni hii, vifuko vya mbele na vya utosini hudumaa polepole vikikutana nayo, hadi kinachoota ni malaika tu, nywele laini zisizofunika chochote. Vifuko vya kisogoni na vya juu ya masikio havina udhaifu huo. Ndiyo maana mzee mwenye upara mpana bado hubakiwa na ukanda wa nywele kuzunguka kichwa.

Uhusiano wa upara na homoni ulionyeshwa mwaka 1942 na mwanaanatomia wa Marekani, James Hamilton, aliyechunguza wanaume waliohasiwa kabla ya kubalehe. Hawakupata upara, hata wale waliotoka katika koo zenye upara mwingi. Walipopewa testosteroni, wenye urithi huo wakaanza kupoteza nywele. Kwa hiyo homoni peke yake haitoshi, na urithi peke yake hautoshi, lazima vikutane. Ushahidi wa pili ulitoka katika kijiji cha Salinas, Jamhuri ya Dominika. Mwaka 1974 daktari Julianne Imperato-McGinley na wenzake walieleza habari za watoto waliozaliwa wakidhaniwa wasichana, kisha wakabadilika na kuwa wavulana walipobalehe, kwa sababu miili yao ilikosa kimeng'enya kinachotengeneza dihidrotestosteroni. Walipokua, tezi dume yao ilibaki ndogo na vichwa vyao havikupata upara. Kampuni ya Merck ikatengeneza kidonge cha kukizuia kimeng'enya hicho, finasteridi. Kiliidhinishwa Marekani mwaka 1992 kwa ajili ya tezi dume iliyovimba, na mwaka 1997, kwa kipimo kidogo cha miligramu 1, kikaidhinishwa kwa upara wa wanaume.

Upasuaji wenyewe una historia yake. Mwaka 1939 daktari wa ngozi wa Japani, Shoji Okuda, alieleza namna alivyotoa vipande vidogo vya mviringo vya ngozi yenye nywele na kuvipanda kwenye makovu, yakiwemo ya moto. Vita vya Pili vya Dunia vilifanya kazi yake isijulikane nje ya nchi. Katika miaka ya 1950, Norman Orentreich wa New York alifika kwenye wazo hilohilo kwa njia nyingine, na mwaka 1959 akachapisha matokeo. Alikuwa amehamisha vipande kutoka kisogoni kwenda mbele, na vingine kutoka mbele kwenda kisogoni. Nywele za kisogoni ziliendelea kuota zilipohamishiwa penye upara. Zile za mbele ziliendelea kufa hata zilipopewa makao mapya nyuma. Kifuko, kumbe, huenda na tabia ya kwao.

Ugunduzi huo ndio msingi wa upandikizaji wote, na papo hapo ndio mpaka wake. Mkulima wa mpunga, miche ikimpungukia, humwaga mbegu nyingine kitaluni. Daktari ana kitalu kimoja tu, nacho hakioteshi tena pale alipong'oa. Akiba ya kisogoni ikitumiwa vibaya mara moja, haiwezi kurejeshwa.

Vipande vya Orentreich vilikuwa na upana wa milimita 4 hivi, kila kimoja kikibeba nywele nyingi. Kwa karibu miaka 30 wanaume waliopandikizwa walitambulika kwa mbali: vichaka vya nywele vilivyopangwa kwa safu, katikati ngozi tupu. Mabadiliko yalikuja baada ya mwaka 1984, mtafiti John Headington alipoeleza kuwa nywele za binadamu huota katika vikundi vya asili, kila kikundi kikiwa na nywele 1 hadi 4. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 madaktari, miongoni mwao Bobby Limmer wa Texas, walianza kuvitenga vikundi hivyo kwa darubini na kuvipanda kimoja kimoja. Tangu hapo kazi nzuri haiwezi kutambulika hata na kinyozi, mradi aliyeifanya ana mkono na jicho.

Lakini si kila uwazi kichwani ni upara wa kurithi, na hapa ndipo watu wengi hupoteza fedha. Jambo la kwanza la kutazama ni kama nywele zinanyonyoka au zinakatika. Unywele ulionyonyoka una kijiuvimbe cheupe kwenye ncha ya chini, uliokatika hauna. Kukatika ni tatizo la shina la unywele, na chanzo chake kwa kawaida ni dawa za kunyoosha, joto la pasi ya nywele, au ukavu. Hapo mafuta ya nyonyo au ya nazi husaidia kweli, kwa kuwa hulainisha shina. Kifuko kilichodumaa hakifufuliwi na mafuta, wala na habasoda, wala na maji ya kitunguu yanayosifiwa sokoni.

Nywele zikinyonyoka kichwa kizima kwa ghafla, inafaa kurudi nyuma miezi 2 au 3. Homa kali, upasuaji mkubwa, njaa ya kujinyima chakula, msiba mzito au kujifungua huweza kuvipeleka vifuko vingi kwenye mapumziko kwa wakati mmoja, na matokeo yake yakaonekana baadaye. Mama aliyejifungua huogopa kila anapochana nywele, lakini kwa kawaida zote hurudi ndani ya mwaka mmoja bila dawa. Upungufu wa madini ya chuma na matatizo ya tezi ya shingo huleta hali kama hiyo, na vipimo vya damu vya kawaida huvibaini.

Mabaka kwenye vichwa vya watoto wa shule, yenye magamba na nywele zilizokatika juu ya ngozi, karibu kila mara ni mapunye. Hayo ni maambukizi ya fangasi. Dawa ya kupaka haifiki ndani ya kifuko, hivyo mtoto huhitaji dawa ya kumeza, kama griseofulvini, kwa wiki 6 hadi 8 au zaidi. Mabaka ya mviringo yenye ngozi laini kabisa, isiyo na magamba, ni jambo jingine: kinga ya mwili imeshambulia vifuko. Ugonjwa huu huja na kuondoka bila kufuata kanuni, na hutibiwa kwa sindano za steroidi kwenye mabaka. Kwa walioathirika vibaya, Marekani iliidhinisha kidonge cha barisitinibu mwaka 2022, cha kwanza kuidhinishwa huko kwa ugonjwa huo. Kupandikiza nywele katika hali kama hii ni kupoteza akiba, maana kinga iliyozishambulia nywele za kwanza inaweza kuzishambulia na za pili.

Kwa wanawake wa Afrika, chanzo kinachostahili kutajwa kwa sauti ni mvuto wa misuko. Rasta zilizobanwa, wivingi iliyoshonwa juu ya mistari iliyokazwa, mabutu na mikia inayovuta paji la uso huving'oa vifuko kidogokidogo, kwa miaka. Utafiti ulioongozwa na Nonhlanhla Khumalo wa Chuo Kikuu cha Cape Town, uliochapishwa mwaka 2007, ulikuta dalili za madhara hayo kwa karibu theluthi moja ya wanawake wazima waliochunguzwa. Kwa wanaume ilikuwa takriban asilimia 2 tu. Hatari huwa kubwa zaidi nywele zilizotiwa dawa ya kunyoosha zinaposukwa tena kwa kubanwa. Dalili za mwanzo ziko wazi: kichwa kuuma baada ya kutoka saluni, vipele vidogo pembezoni mwa paji la uso, kisha ukingo wa nywele kurudi nyuma huku mstari mwembamba wa vinyweleo vifupi ukibaki mbele. Msemo wa saluni kwamba maumivu yatapoa yenyewe baada ya siku mbili umewagharimu wengi kingo zao. Maumivu hayo ni ya kifuko kinachovutwa, na msuko unaouma unapaswa kufumuliwa siku hiyohiyo. Mvuto ukiachwa mapema, nywele hurudi. Ukiendelea kwa miaka, kifuko hugeuka kovu, na hapo upandikizaji ndio unaobaki kuwa njia ya kuurejesha ukingo.

Kuna pia ugonjwa unaoanza utosini kwa wanawake wenye asili ya Afrika na kutanuka nje kama duara, ukiacha ngozi inayong'aa isiyo na vitundu vya nywele. Kwa muda mrefu lawama zote zilielekezwa kwa dawa za nywele na chanuo la moto. Mwaka 2019 watafiti walionyesha kuwa baadhi ya wagonjwa wana kasoro ya kurithi katika jeni inayohusika na uundaji wa shina la unywele. Tiba ya mwanzo ni kuutuliza uvimbe kwa dawa kabla kovu halijaenea. Upasuaji husubiri hadi ugonjwa utulie kwa mwaka mmoja au zaidi, la sivyo nywele zilizopandwa huliwa nazo.

Utambuzi huu wote ni kazi ya daktari wa ngozi. Afrika Mashariki haina wengi, lakini Kituo cha Kanda cha Mafunzo ya Magonjwa ya Ngozi kilichopo KCMC, Moshi, kimekuwa tangu miaka ya 1990 kikifundisha wataalamu wa fani hii kutoka nchi nyingi za Afrika, na waliohitimu huko hufanya kazi hata katika hospitali za mikoani. Kumwona mmoja wao mara moja ni nafuu kuliko miezi ya kununua chupa za mtaani.

Kwa upara wa kurithi, dawa mbili ndizo zenye ushahidi wa muda mrefu. Ya kwanza ni finasteridi, ambayo hupunguza dihidrotestosteroni katika damu kwa takriban asilimia 70. Huzuia upara usiendelee kwa wanaume wengi, na kwa baadhi hurudisha nywele kiasi, hasa utosini. Inapaswa kumezwa kila siku. Ikiachwa, faida yake huyeyuka ndani ya mwaka. Wachache hupungukiwa hamu ya tendo la ndoa au nguvu za kiume, na jambo hilo linapaswa kuelezwa kabla ya kidonge cha kwanza, si baada. Mjamzito hapaswi kuimeza wala kushika kidonge kilichovunjika, kwa kuwa inaweza kudhuru viungo vya uzazi vya mtoto wa kiume tumboni. Wanaume wazee wanaoitumia wamweleze daktari wanapopimwa damu kwa ajili ya saratani ya tezi dume, maana dawa hii hushusha kipimo hicho kwa karibu nusu na inaweza kuificha saratani.

Ya pili ni minoksidili, iliyoanza kama kidonge cha shinikizo la damu. Wagonjwa walioimeza waliota nywele usoni na mikononi, madaktari wakaona fursa katika kero hiyo, na mwaka 1988 dawa ya kupaka ikaidhinishwa Marekani kwa wanaume, kisha kwa wanawake mwaka 1991. Wiki za kwanza za matumizi nywele hudondoka zaidi, kwa sababu zile zilizokuwa zimepumzika zinasukumwa nje na mpya. Wengi huogopa na kuitupa chupa wakati huohuo, jambo la kusikitisha, kwani matokeo huhitaji miezi 4 hadi 6. Sindano za damu ya mgonjwa mwenyewe, iliyozungushwa kwa mashine ili kutenga chembe sahani, hutolewa siku hizi katika kliniki za Nairobi na Dar es Salaam. Baadhi ya tafiti zinaonyesha faida, lakini namna ya kuiandaa hutofautiana mno kati ya kliniki na kliniki, na bei yake mara nyingi huipita faida hiyo.

Anayefaa kupasuliwa ni mtu ambaye upara wake umejionyesha sura na kasi yake, mwenye akiba nzuri kisogoni. Kijana wa miaka 22 anayetaka ukingo wa nywele aliokuwa nao akiwa na miaka 15 ni mgonjwa wa kukatazwa kwa upole. Nywele zake za asili zitaendelea kurudi nyuma, zile zilizopandwa zibaki mbele peke yake, na akiba ya kuziba pengo itakuwa imekwisha. Daktari mwaminifu humpangia dawa kwanza. Wanawake wengi wenye upara wa kurithi hupungukiwa nywele hata kisogoni, kwa hiyo wanaofaa miongoni mwao ni wachache kuliko wanaume.

Siku ya upasuaji mgonjwa huwa macho. Kichwa hutiwa sindano za ganzi. Njia ni mbili. Kwa ya kwanza daktari hukata ukanda mwembamba wa ngozi kisogoni, akashona jeraha, na wasaidizi wakautenganisha ukanda ule kwa darubini kuwa vikundi vidogo. Huacha kovu moja refu, lisiloonekana nywele zikiwa ndefu. Kwa njia ya pili kila kikundi huchomolewa chenyewe kwa kisu cha mviringo chenye upana wa karibu milimita 1, na huacha madoa madogo mengi yaliyotawanyika. Kwenye ngozi nyeusi madoa hayo yanaweza kuwa meupe, na mwenye kunyoa karibu na ngozi atayaona. Vikundi hutunzwa kwenye maji baridi ya chumvi huku daktari akitoboa vitundu mbele, akifuata mwelekeo ambao nywele za asili huuelekea. Vikundi 2,000 au zaidi huweza kupandwa kwa siku moja, na kazi huchukua saa 6 hadi 8 au zaidi.

Nywele za kipilipili zina hesabu yake. Unywele wa aina hii haujikunji nje tu. Kifuko chake kimepinda ndani ya ngozi pia. Kisu cha mviringo kikishuka wima, hukikata kifuko katikati, na kilichokatwa mara nyingi hakioti. Daktari aliyezoea nywele zilizonyooka anaweza kuharibu sehemu kubwa ya akiba kabla hajagundua kosa. Waliobobea hujaribu vichache kwanza, wakapima kina na mwinamo, au huchagua njia ya ukanda, ambapo darubini huwaruhusu kuifuata mikunjo kwa jicho. Kwa upande mwingine, kujikunja kuna heri yake: unywele mmoja hufunika eneo pana kuliko ulionyooka, na rangi yake haipishani sana na ngozi nyeusi, hivyo vikundi vichache huleta matokeo mazuri.

Ngozi nyeusi pia huelekea kufanya makovu yanayovimba kupita jeraha. Aliyewahi kupata kovu la namna hiyo kifuani au sikioni alipotoboa lazima aseme, na mara nyingi hushauriwa asipasuliwe. Vivyo hivyo wanaume wenye vipele sugu nyuma ya shingo, vinavyochochewa na mashine za kunyolea zinazokaribia mno ngozi: vipele hivyo huota makovu magumu na kuua nywele palepale ambapo akiba ingechukuliwa. Vitibiwe kwanza.

Baada ya upasuaji mgonjwa hulala akiwa ameinua kichwa kwa siku chache. Uvimbe unaoshuka kwenye paji la uso hadi machoni siku ya tatu au ya nne hutisha lakini hupoa. Vigaga huanguka ndani ya siku 10 hivi. Kisha, kati ya wiki ya 2 na ya 8, nywele zilizopandwa hudondoka karibu zote. Asiyeambiwa mapema huamini kuwa ametapeliwa, kumbe ni mashina tu yanayoanguka na vifuko vimebaki. Nywele huanza kuchomoza mwezi wa 3 au wa 4, na sura kamili huonekana baada ya mwaka, utosini hata miezi 18.

Jiji la Istanbul limekuwa kitovu cha biashara hii, na ndege za moja kwa moja kutoka Nairobi, Dar es Salaam na Entebbe zimewaleta karibu wateja wa Afrika Mashariki. Huduma huuzwa kwa fungu moja: upasuaji, hoteli na gari la kumpokea mteja uwanjani. Wapo madaktari hodari huko. Zipo pia kliniki ambazo daktari huonekana mlangoni tu, na kukata na kutoboa hufanywa na wasaidizi wasio na leseni. Chama cha kimataifa cha madaktari wa upandikizaji wa nywele kimekuwa kikionya kuhusu jambo hilo kwa miaka. Ganzi ikizidi kipimo huvuruga moyo na ubongo, na vikundi vikichomolewa vingi mno kisogo chote hubaki na mapengo. Mteja anapaswa kujua kwa jina ni nani atakayetoboa ngozi yake, aone kazi zake kwa vichwa vyenye nywele za kipilipili, na ajue nani atamtazama jeraha likiharibika akiwa amekwisha kurudi nyumbani.

Kwa wasio na akiba ya kutosha, wigi na uchoraji wa vidoa vya rangi vinavyofanana na nywele zilizonyolewa ni njia halali, zisizo na kisu. Wanasayansi kwa upande wao wametafuta kwa miongo kadhaa namna ya kuzalisha vifuko maabara. Seli za kitako cha kifuko cha binadamu zikikuzwa kwenye sahani bapa husahau kazi yake. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia na cha Durham walizikuza katika matone yaning'iniayo ili zijikusanye kuwa viduara, wakazipanda kwenye ngozi ya binadamu iliyobandikwa migongoni mwa panya, na baadhi zikaotesha nywele. Kutoka hapo hadi kwenye kichwa cha mgonjwa bado hakujafikiwa, na kliniki inayouza kuzaliana kwa nywele kwa seli hizo inauza kitu ambacho tiba haijakipata.